Nyota za wageni: jinsi Diani inavyopimwa na wanaoitembelea

NENO la mgeni mmoja aliyekwisha kurudi kwao Nairobi, London au Milan laweza kujaza vyumba vya nyumba ya wageni huko Diani, au kuviacha vitupu msimu mzima. Hiyo ndiyo hali inayowakabili wenye hoteli, mikahawa, mashua na matembezi katika kaunti ya Kwale, kuanzia Tiwi hadi Msambweni na Shimoni.

Zamani mgeni aliandika sifa au lawama zake katika daftari lililowekwa mapokezi, na aliyelisoma ni meneja na wageni wachache waliofuata. Siku hizi maoni hayo huandikwa kwenye intaneti na kusomwa na yeyote anayepanga safari. Kampuni ya Tripadvisor, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2000, ndiyo iliyoyapa maoni hayo nguvu kubwa. Baadaye zikafuata Google, Booking.com na nyinginezo.

Nyota za aina mbili

Wasomaji wengi huchanganya nyota hizi na zile za serikali. Nyota za serikali, kuanzia 1 hadi 5, hutolewa na Mamlaka ya Kudhibiti Utalii iliyoundwa chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2011. Wakaguzi wake hufuata vigezo vya Jumuiya ya Afrika Mashariki: ukubwa wa vyumba, usafi wa jikoni, usalama, huduma na mengineyo.

Alama za wageni hazina mkaguzi. Mgeni hupima alichokipata kwa kukilinganisha na alichokitarajia na alicholipa. Ndiyo maana nyumba ya vyumba vitatu iliyoezekwa kwa makuti yaweza kupata alama 5 kamili, ilhali hoteli kubwa yenye mabwawa ya kuogelea ikaambulia 3.

Aidha, zipo tuzo zinazopewa eneo zima. Mwaka 2015 Diani ilitajwa katika World Travel Awards kuwa ufuo bora wa kitalii barani Afrika, na ikaupata ushindi huo tena katika miaka iliyofuata. Hata hivyo, tuzo ya eneo haimwinui kila mwenye biashara aliyemo ndani yake. Kila mmoja hubaki na alama zake.

Thamani ya nyota moja

Mtafiti Michael Luca wa Chuo Kikuu cha Harvard alichunguza mikahawa ya mji wa Seattle, Marekani, na mwaka 2011 akatoa matokeo yake. Aligundua kuwa ongezeko la nyota moja katika mtandao wa Yelp liliongeza mapato ya mkahawa kwa kati ya asilimia 5 na 9. Jambo la kuzingatiwa zaidi ni kuwa faida hiyo iliiendea mikahawa ya watu binafsi. Ile ya kampuni kubwa zenye matawi mengi haikuathirika, kwani jina lake lilikuwa limekwisha kujulikana.

Funzo hilo lawahusu moja kwa moja wenye biashara ndogo wa Kwale. Hoteli yenye jina huuzwa na mawakala wa Ulaya. Mwenye mashua wa Shimoni au mama anayepika biriani ya pweza kisiwani Wasini hana wakala, na aghalabu sifa za wageni ndizo tangazo lake la pekee.

Hesabu nayo humbana mdogo. Nyumba yenye maoni 9 ya alama 5, ikipata moja la alama 1, wastani wake huanguka hadi 4.6. Hoteli yenye maoni 999 ya alama 5 ikipata lawama hiyo hiyo, wastani wake hautikisiki. Kwa hiyo kinga ya kwanza ya biashara ndogo ni kuwa na maoni mengi, na njia ya halali ya kuyapata ni kumwomba kila mgeni aandike, si wale wanaoonekana kufurahi peke yao.

Lawama hutoka wapi

Si kila lawama husababishwa na huduma mbovu. Nyingi huzaliwa na jambo ambalo mgeni hakuambiwa mapema.

Bahari ya Diani ni mfano mzuri. Wakati wa bamvua, tofauti ya kina kati ya maji kujaa na maji kupwa huweza kupita mita 3. Mgeni aliyeona picha za maji ya samawati hushangaa anapoamka na kukuta mchanga na miamba hadi karibu na mwamba mkuu wa matumbawe. Akipewa ratiba ya maji siku anayofika, kupwa humgeukia kuwa nafasi ya kutembea na kutazama viumbe wa mwambani. Asipopewa, huandika kwamba alidanganywa.

Ndivyo ilivyo pia kwa tumbili na nyani wanaoiba vyakula mezani, kwa foleni ya kivuko cha Likoni, na kwa mvua za masika. Hakuna mwenye hoteli awezaye kuyaondoa hayo, lakini kila mmoja anaweza kuyatangulia kwa maelezo.

Katika Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo ulioingizwa mwaka 2008 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda, mgeni hufungwa kaniki nyeusi na kuelezwa miiko kabla ya kuingia. Sharti hilo, likielezwa vyema na mwenyeji wa kaya, humfanya mgeni ajione amepokewa badala ya kujiona amezuiwa.

Kwa safari za Kisite-Mpunguti, ugomvi mwingi waweza kuepukwa kwa kutaja tangu mwanzo kama bei ya mashua ni pamoja na ada ya kuingia hifadhi ya baharini au la.

Jibu la mwenyeji

Mitandao karibu yote humruhusu mwenye biashara kujibu hadharani. Jibu hilo halimlengi mlalamikaji pekee, kwani atakayelisoma zaidi ni mgeni ambaye bado hajaamua.

Jibu jema huwa fupi. Hushukuru, hutaja kosa lenyewe kwa jina, hueleza lililorekebishwa, na halimtukani mtu. Jibu moja linalorudiwa chini ya kila lawama huonyesha kuwa hakuna aliyeisoma.

Wapo wanaotishia kushtaki. Mnamo Februari 2017 Mahakama Kuu ya Kenya ilibatilisha kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu kilichofanya kashfa kuwa kosa la jinai. Anayedai kuchafuliwa jina bado anaweza kufungua kesi ya madai, lakini maoni ya kweli ya mteja si kashfa.

Nyota za kununua

Kwa kuwa nyota ni fedha, wametokea wa kuziuza. Mwaka 2018 mahakama ya Lecce, Italia, ilimhukumu kifungo cha miezi 9 mtu aliyewauzia wenye hoteli maoni ya uongo. Mwaka mmoja kabla, mwandishi Oobah Butler alitumia sifa za kubuni kukifanya kibanda cha uani kwake kuwa mkahawa nambari moja London katika Tripadvisor, kati ya mikahawa zaidi ya 18,000, ilhali mkahawa huo haukuwapo.

Tangu hapo sheria zimekazwa. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku maoni bandia kuanzia Mei 2022, Marekani ikafuata Oktoba 2024 na Uingereza Aprili 2025. Nchini Kenya, Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka 2012 inakataza maelezo ya uongo kuhusu bidhaa na huduma. Mitandao yenyewe hukataza hata kumpunguzia mgeni bei ili aandike sifa, na huweza kuishusha biashara inayonaswa.

Mtoa maoni naye hupimwa

Kwa upande mwingine, anayeandika naye hupewa daraja. Katika mpango wa Local Guides wa Google, ulioanza mwaka 2015, kila maoni huleta pointi 10, na yakizidi herufi 200 huongezwa 10 nyingine. Picha huleta 5. Daraja la juu kabisa, la 10, hufikiwa kwa pointi 100,000.

Pointi huhesabu wingi, lakini wasomaji hutafuta manufaa. Maoni yanayowafaa hutaja mwezi wa safari, bei iliyolipwa kwa shilingi, aliyehudumia vizuri na kilichokosekana. "Pazuri sana" halimsaidii mtu. Vijana wa Ukunda na Msambweni, wanaoijua pwani yao kuliko mtalii wa siku tatu, wana nafasi ya kuandika hayo, hata kwa Kiswahili.

Mipaka yake

Nyota hazizuii kila dhoruba. Mnamo Mei 2014 Uingereza iliwaonya raia wake dhidi ya safari zisizo za lazima Mombasa, na kampuni za utalii zikawarudisha wageni makwao. Vyumba vilibaki vitupu kusini mwa pwani pia, bila kujali alama za hoteli.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa mgeni anayechagua pa kulala, lililo salama ni kusoma maoni ya miezi ya karibuni, kuyapima yale ya alama 3 na 4 ambayo kwa kawaida hutaja mema na mabaya, na kutazama jinsi mwenyeji anavyowajibu waliomlaumu.