Kanisa la Masasi Katika Miaka ya Moto

Watu wanaposimulia habari za Kanisa letu la Masasi, hupenda kuanza na kengele na majengo. Lakini mwenye kutaka kujua jinsi imani ilivyotia mizizi katika nchi hii, yampasa azitazame siku zile ambazo kengele haikulia wala hapakuwa na jengo.

Mwaka 1876, mwezi wa Oktoba, Askofu Edward Steere aliondoka Unguja pamoja na watu waliokombolewa utumwani, wapata hamsini na zaidi, akashuka Lindi, akapanda bara. Ndiye yule aliyejenga kanisa kuu la Mkunazini mahali pa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Nia ilikuwa kuwarudisha watu hawa upande wa kwao, kuelekea Nyasa. Lakini walipofika Masasi, chini ya milima ile ya mawe, wakaona maji na ardhi njema, wakapenda kukaa papo hapo.

Basi mji wa kwanza ulikuwa mji wa Misioni. Wamisionari walikuwa mapadre, tena walikuwa mfano wa majumbe: mtu akigombana na jirani yake, shauri lilikwenda kwao, akikosa, hukumu ilitoka kwao. Sisemi kwamba imani ya watu wale ilikuwa ya uongo. Nasema ilikuwa vigumu kuipima, kwa kuwa njia ya kusali na njia ya kupata ulinzi ilikuwa moja.

Mwezi wa Agosti 1882 Askofu Steere akafariki Unguja. Hata kabla matanga hayajapoa, mwezi wa Septemba, wakaja Magwangwara, yaani Wangoni wa pande za Songea. Wakauchoma mji, wengine wakauawa, wengine wakachukuliwa mateka. Fikirini, ninyi walimu mnaofundisha habari hizi: mtu aliyekwisha kufunguliwa utumwani akafungwa mara ya pili, na mara hii amekamatwa katika mji wa Kanisa! Padre Chauncy Maples na wenzake wakajitahidi kuwakomboa, lakini si wote waliorudi. Wako wahubiri wasemao upesi kwamba mambo yale yalitukia ili Kanisa likue. Mimi sithubutu kusema hivyo mbele ya mama ambaye mtoto wake hakurudi. Yaliyofuata naweza kuyasimulia. Sababu yake namwachia Mungu.

Yaliyofuata ni haya. Kazi ikahamia Newala, juu ya nyanda za Makonde, kwa Matola, mkuu wa Wayao. Huko Misioni haikuwa jumbe tena, bali mgeni wa jumbe. Mkristo alikaa katikati ya majirani wasiosali, chini ya mkuu wa nchi, na aliyetaka kuiacha sala aliweza kuiacha. Bila shaka wako walioiacha. Lakini aliyebaki alibaki kwa moyo wake, na majirani wakamwona anavyoishi, anavyolima, anavyozika wafu wake. Kwa maoni yangu hapa ndipo Kanisa la kusini lilipoanza kuwa la wenyeji.

Tazama habari za Cecil Majaliwa. Naye alikuwa mtoto aliyekombolewa utumwani. Mwaka 1886 alikwenda Chitangali kwa Wayao, wala hakuwa na mji wa kutawala. Alikuwa na mafundisho yake na mwenendo wake tu. Mwaka 1890 Askofu Smythies akampa upadre, akawa padre Mwafrika wa kwanza wa Misioni yetu.

Kisha moto ukarudi. Mwezi wa Agosti 1905 Vita vya Maji Maji vikafika Masasi, na majengo ya Misioni yakateketezwa tena. Wazungu wakakimbilia Lindi. Baada ya vita ikaja njaa kuu katika nchi ya kusini. Lakini sasa haikuwa kama 1882, maana walikuwako walimu wenyeji, watu wa nchi hii hii, ambao hawakuwa na Ulaya ya kurudi.

Vita vya 1914 vikawajaribu zaidi. Wadachi waliwafunga wamisionari Waingereza. Hata walimu na mapadre Waafrika wa Misioni yetu walitiwa minyororo, kwa kudhaniwa kuwa rafiki za adui. Wengi walipelekwa Tabora, wakakaa kifungoni hata Wabelgiji walipouteka mji ule Septemba 1916. Mwaka 1917 mapigano yakaingia kwetu wenyewe, hata mwezi wa Novemba Wadachi walipovuka mto Ruvuma. Katika miaka hiyo yote sala na mafundisho yalishikwa na mikono ya wenyeji.

Mwaka 1926, miaka hamsini tangu safari ya Steere, Masasi ikatengwa na Unguja, ikawa dayosisi yenyewe. Askofu wa kwanza, William Vincent Lucas, akawakuta mapadre na walimu Waafrika waliokwisha kuchunga kundi bila Mzungu hata mmoja karibu nao.