Antena kuukuu za makampuni zapewa kazi mpya katika redio za ridhaa

IDARA za zimamoto, polisi na makampuni ya usafirishaji nchini Marekani zinapohamia mitambo mipya ya mawasiliano, antena zao za zamani huteremshwa minarani na nyingi huishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Wapo, hata hivyo, wanaoziwania kabla hazijafika huko: waendesha redio wa ridhaa, ambao huzitumia kwenye ripita, yaani mtambo unaopokea sauti hafifu ya redio ya mkononi na kuirusha upya kwa nguvu kutoka mahali pa juu.

Umuhimu wa mitambo hiyo ulidhihirika Agosti 2005, pale kimbunga Katrina kilipoangusha mawasiliano ya simu kusini mwa nchi hiyo na waendesha redio wa ridhaa wakasaidia kupeleka ujumbe wa waokoaji.

Tatizo ni masafa. Antena nyingi za kibiashara zilitengenezwa kwa megahezi 150 hadi 174, ilhali wana ridhaa wa Marekani wamepewa megahezi 144 hadi 148. Kadiri masafa yanavyoshuka, ndivyo wimbi linavyorefuka. Dipoli ya megahezi 160 huwa na urefu wa sentimita 89 hivi. Ya megahezi 146 hukaribia sentimita 98. Hivyo mafundi hukata ncha za dipoli na kuunga vipande vya bomba la alumini, nusu juu na nusu chini.

Wengi hukomea hapo, na hilo ndilo kosa. Kebo zinazogawa nguvu kati ya dipoli nazo zilikatwa kwa kipimo cha masafa ya zamani. Kipande cha robo wimbi, kwa kebo ya kawaida yenye plastiki ngumu ndani, chapaswa kutoka sentimita 31 hadi 34. Nafasi kati ya dipoli na dipoli nayo huongezwa kwa uwiano huohuo. Antena zilizofungwa ndani ya bomba la faiba ni ngumu kurekebishwa, na zikiwa na ufa huwa zimekwisha kunywa maji.

Lililo gumu zaidi halionekani kwenye kipimo cha mawimbi yanayorudi. Ripita hurusha na kupokea kwa wakati mmoja, tofauti ikiwa kilohezi 600 tu, kwa hiyo kibanio chenye kutu huweza kuzua mkwaruzo unaofunika sauti hafifu. Fundi makini huiwasha kwanza kwa mzigo bandia, kisha kwa antena yenyewe. Mkwaruzo ukiongezeka, vibanio vyote hufunguliwa na kusuguliwa kabla ya antena kupandishwa, kwani kuiteremsha tena ni kazi ya hatari.

Kwa Afrika, bendi hiyo huanzia megahezi 144 na kuishia 146, hivyo dipoli hurefushwa kidogo zaidi.