Lugha na Dini katika Redio za Kivu

Makala haya yanakusudia kuchunguza namna redio zilivyoakisi wingi wa lugha na dini mashariki mwa Kongo. Hoja yetu ni kwamba kuhesabu lugha zinazosikika hewani hakutoshi. Sharti tuulize pia nani anawajibika kwa yasemwayo.

Enzi za Mobutu, utangazaji ulikuwa mikononi mwa dola. Hata magazeti ya dini hayakusalimika: mwaka 1972 lile la Kikatoliki, Afrique Chrétienne, lilipigwa marufuku kwa kuikosoa siasa ya kurejea asili. Milango ilianza kufunguka baada ya tarehe 24 Aprili 1990, mfumo wa vyama vingi ulipotangazwa. Makanisa nayo yakaanzisha redio zake.

Uhuru huo, hata hivyo, una pande mbili. Katika Rwanda jirani, RTLM (1993–1994) ilitumia Kinyarwanda chepesi, chenye mizaha na muziki, kuchochea mauaji ya Watutsi. Julai 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi walimiminika Goma. Mwezi uliofuata Radio Agatashya ikaanza kutangaza kutoka Bukavu, ikitumia Kinyarwanda kicho hicho kueneza habari zilizothibitishwa. Lugha ilikuwa moja. Kilichotofautiana ni uwajibikaji.

Radio Okapi, iliyozinduliwa tarehe 25 Februari 2002, ilichagua Kifaransa pamoja na Kiswahili, Lingala, Kikongo na Tshiluba. Ndizo lugha nne za taifa zinazotajwa na Katiba ya 2006, ibara ya kwanza. Kinande, Kihunde, Kinyanga na Kinyarwanda hazimo katika orodha hiyo, ingawa ibara iyo hiyo inaitaka Serikali izilinde lugha nyingine zote za nchi.

Kwetu Kivu Kaskazini, Kiswahili ni daraja: Mkatoliki, Mprotestanti, Mkimbangu na Mwislamu hukitumia bila kuulizana kabila. Lakini daraja si nyumba. Bibi kizee wa Masisi asiyekifahamu vema hubaki akitegemea tafsiri ya mwingine, na mfasiri huweza kuongeza chumvi.

M23 ilipoiteka Goma Januari 2025, kila neno la redio lilipimwa kwa hofu. Hapo ndipo ilipodhihirika tena kwamba lugha za nyumbani zisiachiwe wachochezi. Zipewe watangazaji waliofunzwa, wanaojibu kwa jina lao. Nasi wanaisimu tuwaandalie istilahi, kwani ukimya wetu nao ni kauli.