Deni la Dola 20

Ndugu wasikilizaji, juma hili nataka tuzungumzie noti. Sina nia ya kuzungumzia thamani yake sokoni, bali sura iliyochapwa juu yake. Noti hupita mikononi mwa watu wengi kuliko kitabu chochote cha historia, na serikali inapochagua sura ya kuweka hapo huwa inawaambia wananchi ni nani wa kukumbukwa.

Aprili 2016, Waziri wa Fedha wa Marekani, Jack Lew, alitangaza kuwa noti ya dola 20 itapewa sura ya mwanamke, Harriet Tubman. Mwaka mmoja kabla, wanaharakati walikuwa wamewapigisha watu kura, na mama huyo akawashinda hata Eleanor Roosevelt na Rosa Parks.

Alikuwa nani? Alizaliwa mtumwa huko Maryland, yapata mwaka 1822. Hakujua kusoma wala kuandika. Angali binti mdogo alipigwa kichwani na jiwe la mizani lililorushwa na msimamizi, na tangu hapo ugonjwa wa kusinzia ghafla ukamwandama maisha yake yote. Mwaka 1849 alitaka kutoroka pamoja na kaka zake wawili, na bibi aliyewamiliki akatangaza zawadi ya dola 100 kwa kila mmoja atakayekamatwa nje ya jimbo. Kaka zake walirudi nyuma. Yeye akaenda, akafika Pennsylvania.

Mwingine angemshukuru Mungu, akatulia. Tubman alirudi kulekule, safari zipatazo 13, akawatoa watu wapatao 70, wakiwamo wazazi wake. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka, alilitumikia jeshi la serikali kama mpishi, muuguzi na mpelelezi. Juni 1863 aliwaongoza askari katika mto Combahee, South Carolina, na watumwa zaidi ya 700 wakakombolewa.

Sasa sikilizeni malipo yake. Ujira wa vitani ulikuwa haba. Pensheni ya kwanza aliyopata ilikuwa dola 8 kwa mwezi, tena kwa sababu tu alikuwa mjane wa askari. Mwaka 1899, zaidi ya miaka 30 baada ya vita kwisha, Bunge lilikubali kumwongezea. Ikawa kiasi gani? Dola 20 kwa mwezi!

Na noti hiyo ya dola 20, tangu mwaka 1928, ina sura ya Rais Andrew Jackson, aliyemiliki watumwa. Mwaka 2019 Waziri Steven Mnuchin aliahirisha mabadiliko, akisema kwanza ni kuzuia noti bandia. Mwaka 2021 serikali iliyofuata iliahidi kuharakisha. Hadi leo aliyeko ni Jackson.

Wapo Wamarekani weusi wasiotaka sura hiyo iwekwe. Wanasema mtu aliyewahi kutiwa bei kama ng'ombe asichapwe tena juu ya fedha. Hoja yao ni nzito, wala siibezi. Lakini mimi naona kinyume. Nchi iliyotangaza bei ya kumkamata, kisha ikabana senti za uzee wake, ina deni kwake. Sura kwenye noti haitalimaliza deni hilo, ila kila atakayeishika atakumbushwa kwamba lipo.

Hadi juma lijalo, kwaherini.