Thamani ya Kitu Kilichokwisha Kutumika: Vipuri vya Magari na Uthaminishaji wa Forodha, 1950–2004

Kanuni za kuthamini bidhaa forodhani hazikutungwa kwa kufikiria injini iliyochomolewa katika gari kuukuu. Mkataba wa Brussels, uliotiwa saini tarehe 15 Desemba 1950, ulitaka ushuru ukadiriwe kwa bei ya kawaida, yaani bei ambayo ingepatikana katika soko huria baina ya muuzaji na mnunuzi wasio na uhusiano. Bei hiyo ilikuwa ya kudhaniwa, na ankara ya mfanyabiashara ilikuwa ushahidi tu mbele ya afisa wa forodha.

Mazungumzo ya Tokyo, yaliyomalizika mwaka 1979, yaligeuza msingi huo: thamani ikawa bei iliyolipwa kweli au inayopaswa kulipwa. Mkataba wa Shirika la Biashara Duniani wa mwaka 1994 uliendeleza msimamo huo na kukataza viwango vya chini vya thamani vilivyopangwa kabla. Kenya, Tanzania na Uganda ziliufuata katika Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, ambapo nauli ya meli na bima hujumlishwa katika thamani.

Afisa asiporidhika na ankara, sheria humwelekeza kwanza kwenye bei ya bidhaa zinazofanana kabisa, kisha zinazokaribiana. Kwa saruji, au kwa matairi mapya, njia hiyo inatosha. Lakini injini mbili za aina moja, zilizotoka yadi moja nchini Japani, hutofautiana kwa kilomita zilizokwenda, kwa kutu na kwa uangalifu wa mwenye gari wa kwanza katika kubadilisha oili. Ankara haisemi lolote juu ya hayo. Tena vipuri hivyo aghalabu hununuliwa kwa fungu: milango, taa na giaboksi kwa bei moja ya jumla, ambayo baadaye hulazimika kugawanywa kwa makadirio.

Hapo ndipo aliyenunua rahisi kwa haki na aliyeghushi ankara hufanana machoni pa afisa. Uamuzi wa mawaziri uliopitishwa Marrakesh mwaka 1994 uliruhusu forodha, ikiwa na sababu ya kushuku, imtake mwagizaji athibitishe bei yake, na shaka ikibaki, ankara iwekwe kando. Kuuita mwaka 1979 ushindi wa ankara ni sahihi kwa bidhaa mpya. Kwa mwagizaji wa vipuri aliyelipa taslimu bila hati ya benki, bei ya kudhaniwa haikuondoka bandarini.