Mzizi Mchungu wa Wachina

Wachina wana methali juu ya bubu aliyetafuna huanglian: uchungu anao, njia ya kuueleza hana. Huanglian ni mzizi wa manjano, mchungu kama shubiri, na waganga wa China wameutumia kwa karibu miaka 2,000. Umetajwa katika kitabu cha dawa kinachonasibishwa na Shennong, mfalme wa hadithi za kale. Kazi yake kubwa ilikuwa kutibu tumbo la kuhara. Waganga walisema mzizi huo una ubaridi, kwa hiyo huondoa joto na kukausha unyevunyevu uliozidi mwilini.

Lakini ulikuwa na kazi ya pili. Ugonjwa tuuitao leo kisukari wao waliuita xiaoke, yaani kiu na kukonda, na kitabu chao cha kale cha utabibu, Huangdi Neijing, kiliuhusisha na kula sana vitamu na vyenye mafuta. Yapata mwaka 500, mtabibu Tao Hongjing aliandika kwamba huanglian hutuliza maradhi hayo. Sasa mtu hujiuliza: dawa ya tumbo ina uhusiano gani na sukari ya damu?

Kwangu mimi swali hilo si la kupitisha wakati. Nina kisukari. Haupiti mwezi bila jirani au ndugu kuniletea chupa ya mizizi iliyochemshwa, akiniapia kwamba fulani aliinywa akatupa vidonge vyake. Upande wa pili yupo msomi anayecheka kila kitokacho katika chungu cha mganga. Wote wawili wamenichosha, na historia ya huanglian imenipa la kuwajibu.

Katika karne ya 20 Wachina waliitoa ndani ya mzizi ile dawa ya manjano, berberini, wakaifanya vidonge vya kuzuia kuhara. Mwaka 1988 madaktari wa huko waliandika kwamba wagonjwa wa kisukari waliopewa vidonge hivyo walishuka sukari. Hapo likazuka fumbo. Berberini ikimezwa, ni sehemu ndogo mno inayoingia katika damu. Iliyobaki hukaa utumboni. Itawezaje kufanya kazi mahali isipofika?

Jibu limetoka kwa wakazi wa utumbo wenyewe, yaani bakteria. Mwaka 2015 watafiti wa China walionyesha kwamba bakteria hao huigeuza berberini ikawa na umbo linalopenya kwa urahisi zaidi, kisha ikishapenya hurudia umbo lake la awali. Mwaka 2020 yakatoka matokeo ya jaribio la wagonjwa 409 waliokuwa wamegunduliwa karibuni kuwa na kisukari. Baadhi walipewa berberini, wengine vidonge visivyo na dawa, kwa majuma 12. Waliopewa berberini walishuka sukari zaidi, ingawa matumbo yao pia yalisumbuka zaidi. Ikaonekana kwamba dawa humzuia bakteria mmoja, Ruminococcus bromii, asiigeuze nyongo, na kwa njia hiyo sukari hupungua.

Basi wazee wale waliona kweli, ila waliieleza kwa lugha ya joto na baridi, kwa kuwa bakteria hawaonekani kwa macho. Anayewacheka angeukosa mzizi wenye faida. Lakini anayewaamini bila kupima hana njia ya kuutenga mzizi huo na mingine mingi isiyosaidia kitu. Na hata uliopimwa, majuma 12 si umri wa mtu.

Kwa hiyo aniletaye chupa humpokea kwa shukrani, kisha humwuliza: waliokunywa walikuwa wangapi, kwa muda gani, na ambao hawakupona wako wapi? Mpaka leo sijajibiwa. Naye msomi humkumbusha kwamba metformini, kidonge ninachomeza kila asubuhi, kina asili katika uchunguzi wa Galega, mmea uliotumiwa na waganga wa Ulaya. Wanakemia waliitengeneza mwaka 1922, na mwaka 1957 daktari Jean Sterne wa Ufaransa akatangaza kwamba inawafaa wagonjwa wa kisukari. Nacho basi ni mjukuu wa mitishamba. Tofauti yake na ile chupa ni kwamba kimepimwa, kikapimwa tena, na hesabu yake ikawekwa wazi kwa kila mtu.