Vilango vya Upepo Kwenye Barabara ya Mbinga

Land Rover za zamani zilikuwa na vilango viwili vya bati chini ya kioo cha mbele, kimoja upande wa dereva, kingine upande wa abiria. Dereva akisikia joto alifungua cha kwake. Abiria mwenye homa alikiacha chake kimefungwa. Hakukuwa na gesi, kompyuta wala kitufe cha kubonyeza. Vilango hivyo vilidumu hadi mwaka 2007, Land Rover ilipobadilisha dashibodi ya Defender na kuweka mtambo mpya wa hewa. Hata hapo alama yake ilibaki kwenye bati, mpaka Defender ya mwisho ya umbo lile ilipotoka kiwandani Solihull, Uingereza, mwezi Januari 2016.

Si barabara nyingi Tanzania zinazodai vilango vya namna hiyo kama ile inayotoka Mbinga kuteremka Mbamba Bay. Mji wa Mbinga uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Nyasa, penye Mbamba Bay, halifiki mita 500. Kati yao ni kilometa 66 hivi, na kwa kawaida hewa huongezeka joto kwa nyuzi 6 hivi kila unaposhuka mita elfu moja. Kwenye karatasi tofauti hiyo ni ndogo. Mwili lakini hausomi karatasi: aliyepanda gari Umatengo, yaani kwenye milima ya Mbinga, alfajiri ya Julai, amejifunga sweta na kitenge juu yake, atafika ufukweni saa sita mchana akiwa na mzigo wa nguo mapajani.

Watu hawakuujaza mlima ule kwa kupenda baridi. Katikati ya karne ya 19 Wangoni waliingia Ruvuma wakitokea kusini, na mashambulizi yao yakawasukuma Wamatengo kwenye miteremko mikali. Huko wakaendeleza kilimo cha ngoro, mashimo yaliyopangwa safu kwa safu ili maji ya mvua yasichukue udongo. Baridi hiyohiyo ikaja kuwafaa: kuanzia miaka ya 1920 ilistawisha kahawa ya arabika, na kahawa haiuziki ikiwa imekaa mlimani. Lazima ishuke. Ndipo biashara ya lori ilipopata kazi Umatengo, na ndipo hewa ya ndani ya kebini ilipoanza kuwa suala la mtu anayekaa humo saa nane mfululizo.

Suala lenyewe lilikuwa vumbi kuliko joto. Kwenye barabara ya udongo, kiangazi, dereva alikuwa na mambo mawili ya kuchagua: afunge vioo aive, au afungue ale vumbi la gari lililotangulia. Masika vumbi lilipokwisha, kioo cha mbele kilishika ukungu kwa pumzi za abiria, na kitambaa cha kufutia kilikaa juu ya dashibodi muda wote. Hita katika Land Rover za miaka ya 1950 na 1960 ilikuwa kifaa cha kuongezewa kwa malipo, na nani angeagiza hita kwa gari la Afrika? Aliyeandika oda hizo hakuwahi kulala Umatengo mwezi wa saba.

Wakati huo Marekani walikuwa wameshapiga hatua, ingawa kwa kuyumba. Packard ilitangaza gari lenye kiyoyozi mwaka 1939, la kuuzwa kama toleo la 1940. Mtambo wa kupoza ulikaa kwenye buti, ukala nafasi ya mizigo, na haukuwa na swichi ya kuzima kompresa. Mwenye gari aliyetaka kuizima alisimama, akazima injini, akafungua boneti na kuvua mkanda kwa mkono. Haishangazi kwamba halikuuzika. Hatua iliyobadilisha mambo ilikuja mwaka 1964, pale Cadillac ilipotoa mtambo ulioitwa Comfort Control: dereva alichagua nyuzi za joto anazotaka, na gari likachanganya lenyewe baridi na moto kuzifikia. Kugawa kebini pande mbili kulifuata baadaye, kwanza kwenye magari ya kifahari.

Wengi hudhani AC ya pande mbili ina mashine mbili. Haina. Kompresa ni moja, inazungushwa na mkanda wa injini, nayo huibana gesi mpaka ikapata moto. Gesi hiyo hupita kwenye kondensa, mbele ya rejeta, ikapoa na kuwa kimiminika. Kisha hupenyezwa kwenye tundu jembamba la vali, mgandamizo ukashuka ghafla, ikachemka tena ndani ya koili iliyofichwa nyuma ya dashibodi. Katika kuchemka huko hunyonya joto la hewa inayosukumwa na feni. Unyevu wa hewa hiyo hugeuka kuwa matone kwenye koili, na ndiyo maji yanayodondoka chini ya gari lililosimama, ambayo wenye magari wapya huyaogopa bure.

Hapo hewa yote ni baridi, ya dereva na ya abiria. Jirani na koili kuna hita, rejeta ndogo inayopitisha maji ya moto kutoka kwenye injini. Ujanja uko mahali hapa: njia ya hewa inagawanyika kushoto na kulia, na kila upande una kilango chake kinachosogezwa na mota ndogo ya umeme. Kilango kikifunga njia ya hita, upande huo unapata baridi tupu. Kikifungua nusu, sehemu ya hewa inapitia kwenye hita na kuchanganyika na iliyobaki. Abiria aliyeomba nyuzi 26 wakati dereva ameomba 20 anapewa hewa ileile ya dereva, imepashwa kidogo. Kwa kuwa hakuna ukuta kati ya viti viwili, hewa zao huishia kukutana, na tofauti iliyoandikwa kwenye kioo cha dashibodi huwa kubwa kuliko inayosikika mwilini.

Anayevisogeza vilango ni kompyuta. Ina sensa nyuma ya tundu dogo la dashibodi inayopima joto la ndani, nyingine karibu na bampa la mbele inayopima la nje, na moja juu ya dashibodi inayosoma ukali wa jua. Ile ya jua katika baadhi ya magari hutambua hata upande linakotokea. Anayeondoka Songea asubuhi kuelekea Njombe huwa na jua mkono wa kulia, na kwa magari ya Tanzania huko ndiko aliko dereva. Mtambo wa namna hiyo humwongezea baridi yeye na kumwacha abiria wake kivulini.

Watanzania wengi waliujua ubaridi huu wakiwa nje ya kioo. Land Cruiser VX za wakubwa serikalini, zilizobatizwa jina la mashangingi, zilipita vijijini vioo vimepandishwa. Baadaye magari yaliyotumika kutoka Japani, Crown na Mark X miongoni mwake, yalileta kitufe kilichoandikwa DUAL kwa mwalimu na mfanyabiashara. Lami nayo ilikuwa inasogea. Peramiho hadi Mbinga ilijengwa kwa fedha za Millennium Challenge Corporation ya Marekani, kisha kipande cha Mbinga hadi Mbamba Bay kikafuata.

Kwenye wilaya hiyohiyo ya Mbinga, Ngaka, katika kata ya Ruanda, ina hadithi nyeusi zaidi. TANCOAL, wakati huo ubia wa Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC, na Intra Energy ya Australia, ilianza kuchimba makaa ya mawe huko mwaka 2011, na malori ya kuyabeba yakaongezeka. Kwa kazi ya kubeba makaa AC ni kinga kabla ya kuwa starehe: inamruhusu dereva kufunga vioo vumbi la makaa likabaki nje. Vumbi hilo huziba chujio la hewa na kujipaka kwenye koili, na gari huletwa kwa fundi kwa madai ya gesi kuisha kumbe linataka kusafishwa tu.

Mlimani mambo hugeuka. Kompresa hula nguvu za injini, kwa hiyo dereva mwenye mzigo huizima kabla ya mpando mkali. Injini ikianza kuchemka, wazoefu huwasha hita hadi mwisho, hata jua likiwaka, kwa sababu rejeta ile ndogo huondoa sehemu ya joto la injini na kulimwaga ndani ya kebini. Vioo vyote hushushwa.

Gesi pia ina historia yake. R-12 ya zamani iligundulika kuharibu tabaka la ozoni, na Mkataba wa Montreal wa 1987 ukaanza kuiondoa. Magari yakahamia R-134a katika miaka ya 1990. Nayo sasa inaachia nafasi R-1234yf, ambayo haiongezi sana joto la dunia lakini inaweza kushika moto. Gesi hizi hazichanganywi, na kila moja ina mdomo wake wa kujazia. Fundi makini, kabla ya kushika mpira wa gesi, hufungua boneti na kutafuta kibandiko kinachotaja aina na uzito unaotakiwa. Kibandiko kikiwa kimebanduka, husoma mdomo.